Kozi Fupi za Mazingira Ughaibuni: Hesabu Kwanza Pesa Isiyorudi

Walikuja ofisini kwangu Jumatatu mchana, binti na mama yake. Tiketi ya ndege ilikuwa imechapishwa kwenye karatasi ya kawaida na kukunjwa mara nne, na mama aliikunjua taratibu juu ya meza kana kwamba ingeweza kuchanika. Ndege ilikuwa imeondoka Jumamosi. Viza ilitoka Jumatatu ile ile asubuhi. Hakuna aliyemnyima. Jibu lilichelewa siku mbili, basi.

Barua ya kozi ilisema ufadhili kamili: wiki mbili Ulaya, masomo ya usimamizi wa maji na tabianchi, chakula na malazi juu yao. Nauli nayo ilikuwa juu yao, ila ingerejeshwa baada ya mwanafunzi kufika na kuwasilisha risiti. Familia ikaenda kukopa kwenye vikoba, ikanunua tiketi ya bei rahisi kuliko zote, ile isiyobadilishwa tarehe wala kurudishwa. Mama aliniuliza swali ambalo bado sijalipatia jibu la kumridhisha: "Mwalimu, huo ufadhili kamili ulikuwa wapi siku tunakopa?"

Tangu siku hiyo nina daftari la kaunta ambalo kila mwanafunzi anayetaka kozi fupi ya nje hulijaza pamoja nami. Lina safu mbili tu. Ya kwanza ni pesa inayorudi mambo yakiharibika, ya pili ni pesa isiyorudi. Bei ya kozi, ile inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo, tunaifikia baadaye. Nimeona programu ya bei ghali iliyokuwa salama kabisa kwa familia ya kipato cha chini, na nimeona ya "bure" iliyoacha deni la mwaka mzima.

Tuanze na Ulaya, maana ndiko wengi wanakotazama. Majira ya kiangazi cha kule, kuanzia Juni hadi Agosti, vyuo vya Uholanzi, Ujerumani, Denmark na kwingineko hufungua kozi za wiki moja hadi nne kuhusu nishati jadidifu, taka, kilimo, miji na bahari. Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, mlango wa nchi hizo ni viza ya Schengen ya muda mfupi. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Hapa kuna jambo ambalo ningependa libandikwe kwenye kila ubao wa matangazo wa chuo: sheria ya viza ya Umoja wa Ulaya inamsamehe ada hiyo mwanafunzi anayesafiri kwa ajili ya masomo au mafunzo, pamoja na mwalimu anayeongozana naye. Nimekutana na vijana waliolipa euro 90 zote kwa kuwa tu hawakujua kuuliza. Unachohitaji ni barua ya chuo chako inayothibitisha kwamba wewe ni mwanafunzi, na barua ya mwaliko inayotaja wazi kwamba safari ni ya masomo. Andika kwenye fomu kuwa unaomba msamaha wa ada, na pale dirishani lirudie kwa mdomo.

Kitakachobaki ni ada ya kituo cha kupokea maombi, ambayo kwa kawaida haizidi nusu ya ada ya viza, yaani euro 45. Nikikadiria euro moja kwa shilingi 2,900 za Tanzania (nawe badilisha kulingana na siku unayosoma), hiyo ni 130,500. Hairudi, upate viza au ukose. Kuna bima ya safari, ambayo lazima ifikie matibabu ya angalau euro 30,000. Usitishwe na tarakimu hiyo, kwani ni kiwango cha kinga wala si bei, na bima ya wiki tatu hugharimu makumi machache tu ya euro. Muulize wakala wa bima mapema kama atakurudishia pesa ukileta barua ya kunyimwa viza. Wapo wanaorudisha, na wapo wasiorudisha.

Sasa tiketi, kidonda cha yule mama. Masharti ya Schengen yanataka uthibitisho wa safari ya kwenda na kurudi, na nafasi iliyohifadhiwa bila kulipiwa inakubalika. Hulazimiki kununua. Wakala wa tiketi anaweza kukupatia karatasi ya nafasi kwa malipo madogo, au hata bila malipo kama unajulikana kwake. Anayekuambia kwamba ubalozi hautakusikiliza bila tiketi iliyolipwa anauza tiketi.

Tulipokaa na binti yule kupiga upya hesabu ya safari kama ile kwa mtu anayejilipia mwenyewe, tulitumia mfano wa wiki mbili Uholanzi. Ada ya kozi tuliiweka euro 1,000 ili hesabu iwe nyepesi, sawa na 2,900,000. Tiketi euro 900, yaani 2,610,000. Kwa matumizi tulichukua euro 55 kwa siku, kiwango ambacho Uholanzi hutaka mgeni aonyeshe kuwa anacho. Siku 14 zinafika euro 770, au 2,233,000. Bima euro 40, sawa na 116,000. Kituo cha viza 130,500. Pasipoti ya Tanzania 150,000. Jumla shilingi 8,139,500.

Milioni nane, na chumba kikawa kimya kidogo. Lakini safu ya pili ya daftari ndiyo iliyomfanya mama ainamie meza. Familia ikisubiri viza kabla ya kununua tiketi na kulipa ada, basi viza ikikataliwa wanapoteza kituo na bima, shilingi 246,500. Pasipoti inabaki mkononi kwa miaka mingine. Wakinunua kwanza tiketi isiyorudi, hasara inapanda hadi 2,856,500. Safari ni ile ile na chuo ni kile kile, ila makosa ya mpangilio yameongeza hasara zaidi ya mara kumi.

Ndiyo maana tarehe ni gharama kama gharama nyingine. Maombi ya Schengen yanaruhusiwa kuwasilishwa hadi miezi sita kabla ya safari, na siku 15 kabla ndiyo mwisho. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini sheria inawapa hadi siku 45 pale wanapotaka kuchunguza zaidi. Kwa hiyo hesabu siku 45, wala usihesabu 15. Ongeza majuma ya kusubiri miadi, maana Mei na Juni kila mtu anataka kusafiri. Kama nchi unayokwenda haipokei maombi katika nchi yako na inakubidi uende jiji la jirani, nauli na malazi ya huko yaandike kwenye safu ya pili.

Ratiba yetu ya vyuo nayo haifanani na yao. Kwa mwanafunzi wa Tanzania, Julai na Agosti ni miezi ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Huwezi kuwa fildi Morogoro na darasani Wageningen, Uholanzi, wiki hiyo hiyo, na fildi ukiikosa unairudia. Nenda kwa mratibu wa idara yako mwezi Januari, kabla hujatuma maombi, umwombe mambo mawili kwa maandishi: kama fildi inaweza kusogezwa, na kama krediti za huko zitatambuliwa hapa. Uholanzi krediti moja ya mfumo wa Ulaya ni saa 28 za kazi, hivyo wiki moja ya kutwa darasani inakupa kama krediti moja na nusu. Usipopata maandishi hayo, utarudi na cheti kizuri ambacho hakisogezi hata somo moja kwenye matokeo yako. Kwa wengine hilo halina shida. Ila lijulikane kabla pesa haijatoka.

Kuna njia ya Ulaya ambayo safu yake ya pili karibu ni tupu, nayo ni Erasmus+, programu ya Umoja wa Ulaya. Wengi hudhani inahusu shahada za uzamili pekee. Inagharamia pia safari fupi za wanafunzi, siku 5 hadi 30, zikiunganishwa na masomo ya mtandaoni. Kwa viwango vya mwongozo wa 2024, mwanafunzi hupewa hadi euro 79 kwa siku kwa siku 14 za mwanzo, kisha hadi euro 56 kuanzia siku ya 15 hadi ya 30. Wiki mbili zinafika euro 1,106, na chuo mwenyeji hakitozi ada ya masomo. Mtego ni kwamba huombi wewe kama wewe. Lazima chuo chako kiwe na mkataba na chuo cha kule. Kwa hiyo swali la kwanza lipeleke ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chako: tuna mikataba na nani, na nafasi za safari fupi zinatangazwa lini? Nimeshaona nafasi zikirudishwa bila mtu kwa sababu tangazo lilibandikwa kwenye korido ambayo wanafunzi wa shahada ya kwanza hawapiti. Hili linaniumiza kuliko viza iliyokataliwa, kwani hapa mlango ulikuwa wazi.

Uingereza na Marekani nitazipitia haraka. Uingereza viza ya mgeni inaruhusu kusoma kozi fupi hadi miezi sita kwenye taasisi iliyoidhinishwa. Ada yake mwaka 2025 ilikuwa pauni 127, na haina msamaha wa mwanafunzi kama ule wa Schengen. Marekani ni dola 185 za viza, na programu ya mabadilishano ya viza ya J huongeza dola 220 za usajili, isipokuwa zile zinazodhaminiwa na serikali yao. Lakini kabla hujafikiria dola, angalia pasipoti yako: Burundi iliwekewa vikwazo na Marekani Juni 2025, na Desemba mwaka huo huo Tanzania ikaongezwa, vikigusa viza za wageni, wanafunzi na mabadilishano. Mambo haya hubadilika, lakini kwa sasa simshauri Mtanzania wala Mrundi alipe hata shilingi moja kwa kozi ya huko bila kuuliza kwanza.

Kwa ndugu zetu ambao watoto wao ni raia wa Marekani na wanasoma vyuo vya huko kwa msaada wa Pell, ule wa serikali kwa wanafunzi wenye uhitaji, hali ni kinyume kabisa. Ufadhili wa Gilman huwapa hadi dola 5,000 kwenda kusoma nje, hata kwa wiki tatu tu, na Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zinazoweza kumwongezea mwombaji hadi dola 3,000. Mtoto aliyelelewa Minnesota anaweza kuja kusoma mambo ya bahari Zanzibar na kuzungumza na bibi yake kwa mara ya kwanza bila mkalimani. Mwambieni.

Kuna aina moja ya "programu" ambayo siiandiki kabisa kwenye daftari. Ni zile zinazojiita mkutano wa vijana wa tabianchi, siku tatu au nne kwenye hoteli ya jiji kubwa, zenye ada ya kuomba, ada ya kukubaliwa na ada ya kifurushi. Kila aliyeomba hupongezwa kuwa amechaguliwa kati ya maelfu. Tazama kama kuna walimu waliotajwa kwa majina na vyuo vyao, mtaala wa siku kwa siku, na chuo kinachotoa krediti. Kama hakuna hata kimoja, na wanataka malipo ndani ya saa 48, hiyo ni biashara ya vyeti. Chuo cha kweli hakina haraka na pesa yako.

Sasa tugeukie kwetu, ambako naona vijana wengi hawatazami kabisa.

"Nje ya nchi" kwa Mtanzania inaanzia Horohoro. Binti yule, mwaka uliofuata, alitaka kitu cha mikoko kwa sababu ndiyo mada ya utafiti wake. Badala ya kutafuta Ulaya tulifungua ramani. Ukivuka mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga kwa basi la Tanga kwenda Mombasa, kabla hujafika Mombasa unapita karibu na Gazi, Kaunti ya Kwale. Hapo ndipo ulipo Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wanaolinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ukaa tangu 2013. Pesa inayopatikana imeingia kwenye maji ya bomba na vitabu vya shule, na mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Equator. Watafiti kutoka Ulaya hupanda ndege kuja kuona jambo hili. Sisi tulilipandia basi.

Walikwenda wanafunzi watano kwa wiki tatu. Viza haikuhitajika, kwa kuwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huingia Kenya bila viza na bila hata kile kibali cha mtandaoni cha wageni wengine. Walilala kwenye vyumba vya kupanga kijijini, wakala kwa mama ntilie, wakamlipa kiongozi wa njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko. Kila mmoja alitumia takribani shilingi 740,000 pamoja na nauli. Safu ya pili ilikuwa nauli ya basi na kadi ya homa ya manjano tu. Ukiizidisha safari nzima mara kumi na moja ndipo unaifikia na kuipita kidogo ile hesabu ya Uholanzi ya wiki mbili.

Na walichojifunza? Binti alirudi akiweza kutofautisha mchu na mkandaa kutoka mbali, kwa mizizi. Alinichorea: mizizi ya mchu inayochomoza juu ya tope kama penseli zilizopangwa, maelfu kwa maelfu, na jinsi mzee mmoja alivyomwonyesha kuhesabu miche kwa kamba yenye mafundo. Alikuwa amekaa kwenye kikao cha kijiji ambapo watu walibishana kuhusu pesa ya hewa ukaa iende wapi, kwa Kiswahili, na alielewa kila neno, hadi utani. Hakuna darasa la Ulaya ambalo lingempa kikao kile.

Gazi si pekee. Chama cha Tropical Biology Association, chenye makao yake Cambridge, kimekuwa kikiendesha kozi za mwezi mmoja msituni, Kibale nchini Uganda, Amani kwenye Usambara Mashariki na Kirindy nchini Madagaska, Waafrika na Wazungu wakisoma bega kwa bega. Ushindani ni mkali, lakini kwa Mwafrika anayechaguliwa ufadhili mara nyingi hubeba sehemu kubwa ya gharama. Kibale ina kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Makerere pale Kanyawara. Chumbe, kisiwa kidogo kusini mwa mji wa Zanzibar, ni hifadhi ya matumbawe tangu 1994, na majengo yake yanavuna maji ya mvua na kutumia vyoo vya mboji. Kwa mwanafunzi wa Nairobi au Kampala anayesoma usanifu majengo, siku mbili pale zina thamani ya muhula. Chuo cha Mweka chini ya Kilimanjaro kimekuwa kikifundisha usimamizi wa wanyamapori tangu 1963. Hata Aisilandi, mabingwa wa nishati ya jotoardhi, kwa miaka mingi walileta kozi zao fupi Naivasha kwa wataalamu wa Afrika, kwa sababu mitambo ya jotoardhi ya Olkaria iko pale pale.

Tahadhari moja: ukivuka mpaka kwa ajili ya kutazama na kujifunza, barua ya chuo inatosha. Ukianza kukusanya data za utafiti, unahitaji kibali, NACOSTI kwa Kenya, COSTECH kwa Tanzania, na kwa Uganda ni Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Kibali kina ada yake na muda wake. Kiandike kwenye daftari.

Kuna wanaoniuliza kama si unafiki kuruka kilomita elfu saba kwenda kusoma tabianchi. Safari ya kwenda na kurudi Ulaya inatoa takribani tani moja ya hewa ukaa kwa abiria mmoja, mara kadhaa ya kile ambacho Mtanzania wa kawaida hutoa kwa mwaka mzima kwa kuchoma mafuta. Mzigo huo simwekei mwanafunzi wetu. Vijana wa nchi zilizojenga viwanda kwa makaa ya mawe wanaruka kila likizo bila kuulizwa. Ila nasema hivi: ukitumia tani hiyo, iwe kwa kitu ambacho huku hakipo. Nenda Uholanzi kwa ajili ya mitambo ya kuzuia bahari. Usiende kusomeshwa mikoko.

Naamini pia kwamba ipo siku ya kwenda mbali. Maabara yenye vifaa ambavyo hatuna, mwalimu aliyebobea kwenye jambo lako, rafiki wa kigeni atakayekuandikia barua ya kukutambulisha miaka mitano baadaye, hivyo ni vitu vya kweli. Kwa anayekwenda huko, msaada mkubwa kutoka kwetu walimu na wazazi ni kumwandikia mfadhili kabla ya kukubali nafasi na kumwomba anunue tiketi yeye mwenyewe. Nimeandika barua hizo mara nyingi, aya moja tu: familia haina uwezo wa kutanguliza nauli, tafadhali chuo kinunue tiketi moja kwa moja viza ikitoka. Wengi hukubali. Wana bajeti ile ile, na kwao ni suala la nani abonyeze kitufe cha kulipa.

Binti sasa ameitwa tena, safari hii na chuo kingine, wiki tatu, mambo ya fukwe. Alichaguliwa kwa sababu ya kile alichokiandika kuhusu Gazi. Wiki iliyopita alikuja na mama yake kujaza daftari. Mama ndiye aliyeshika kalamu. Alipofika kwenye mstari wa tiketi alinitazama, akaandika "watanunua wao", akapiga mstari chini yake mara mbili, kisha akaniuliza tarehe ya mwisho ya deni la vikoba walilobakiza tuiweke safu ipi.